Karatasi, Plastiki na Sauti ya Tata Asajile

Tangu nirudi, kila anayepita kibandani kwangu ananiuliza swali lilelile: Mwanaidi, kweli umekwenda mpaka Ziwa Nyasa kwa ajili ya spika mbili? Kweli nilikwenda. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nikimpa mwanzo na yule mwisho, kwa hiyo nimekaa nikaandika yote. Habari za tiketi na maandalizi naziruka, hazina utamu.

Kwa asiyejua kazi yangu: natengeneza spika hapa Dodoma. Spika ikichanika naitoa ile sura yake ya mbele, iliyo kama faneli pana, naweka nyingine. Mafundi tunaiita koni. Kwenye spika ndogo za sauti nyembamba, yaani twita, badala ya koni kuna kikuba kidogo kama nusu ya gololi kubwa. Hivyo viwili ndivyo vinavyosukuma hewa, na hewa ndiyo sauti. Kilichobaki ni sumaku na waya.

Mwaka juzi kwaya moja ya kijiji cha Wakisi, mbele ya Matema, ilinitumia spika zake mbili za inchi kumi na tano kwa basi. Niliziwekea koni za karatasi nyepesi zenye ukingo wa sponji, maana hakuna kitu kinachotoa sauti ya binadamu kama karatasi. Nilizijaribu hapa kibandani, zikaimba vizuri, nikazirudisha. Kijiji chenyewe sikukijua, wala sikuuliza.

Mwezi uliopita mwalimu wa kwaya, anaitwa Sekela, akanipigia. Zinakoroma, alisema. Nikamwambia azitume.

"Hapana, fundi. Njoo uone mwenyewe. Hizi spika zimetuharibia zaidi ya sauti."

Nikamuuliza zimeharibu nini. Simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupatikana.

Dodoma hadi Mbeya

Nilibeba boksi moja la vifaa, na boksi hilo lilikaa mapajani mwangu kutoka Dodoma hadi Mbeya. Ndani kulikuwa na koni nne za karatasi, mbili za plastiki, kuba mbili za hariri na mbili za alumini. Nilikuwa sijaamua nitumie zipi. Kondakta alitaka boksi liende buti. Nikamwambia humo mna koni, zikibonyea safari yangu imekufa. Akaniacha.

Nilidhani yameisha. Kumbe mama wa kiti cha nyuma alisikia neno koni, na kabla hatujafika Iringa nusu ya basi ilijua kwamba dada wa dirishani amebeba koni za aiskrimu. Tuliposimama Makambako kula, mzee mmoja mwenye koti alinijia kwa adabu kabisa.

"Binti, mke wangu joto limemshinda. Tuuzie mbili tu."

"Baba, hizi haziliwi. Ni za spika."

Akaliangalia boksi, akaniangalia mimi. "Kama umewawekea watu wako, sema tu," alisema, akarudi kwa mkewe. Nilifungua boksi nikamwonyesha koni nyeusi, kubwa kama sinia. Mkewe alicheka mpaka akatokwa machozi, na joto likamwisha. Wakanigawia chipsi zao. Baada ya hapo gari lilipata pancha mbili, moja Igawa na nyingine sikumbuki wapi, na Mbeya tuliingia giza limeshashika. Nililala palepale karibu na stendi.

Mbeya hadi Njisi, mahali ambapo sikuwa naenda

Asubuhi nilipanda Kosta. Kijana wa mlangoni aliita "Kasumulu, Kasumulu!" nami nikadhani Kasumulu ni jina la stendi ya Kyela. Usinicheke, ningejuaje? Baada ya Uyole baridi ilikuwa kali, ukungu umelala juu ya migomba na mashamba ya chai. Tukuyu nilinunua ndizi mbivu, nikala tatu, nikalala usingizi mzito. Nilipozinduka joto lilikuwa la kuoga jasho, mvua inapiga, na abiria wanashuka wakikimbilia mpakani. Kasumulu ni mpaka wa Malawi. Njia ya Kyela tulikuwa tumeshaipita.

Nilianza kurudi kwa miguu kutafuta pikipiki, nimelifunika boksi kwa khanga. Mvua ya kule haidondoki, inamwagwa. Nilipoona nyumba yenye baraza kando ya njia nilikimbilia hapo. Uwanjani mama mmoja alikuwa anapambana peke yake na turubai, anaokoa kakao yake iliyoanikwa. Niliweka boksi barazani nikamsaidia kuvuta. Tulipomaliza, wote tumelowa, akaniambia huku akihema, "Ndaga fijo!"

"Asante mama, lakini dagaa sihitaji," nikamjibu. "Nina safari, wataoza."

Alinitazama, kisha akacheka sana akajishika mbavu. Ndaga fijo kwa Kinyakyusa ni asante sana. Alikuwa ananishukuru. Jina lake Mama Bupe, anaishi kata hiyo ya Njisi na anawarithisha wanawe kilimo cha mpunga na kakao kama yeye alivyorithishwa. Alinipa khanga kavu na sahani ya wali ambao harufu yake ilifika kabla ya sahani. Pembeni kulikuwa na ndizi za kupika zilizoungwa kwa maziwa. Nilikula kama mtu aliyefunga mwezi.

Baada ya kula ndipo nilipofungua boksi. Upande mmoja ulikuwa umeloa. Koni ya juu ya karatasi ilikuwa imepinda mdomo kama kikaratasi cha maandazi, na nilipoibonyeza kwa kidole ikabonyea, haikurudi. Ile iliyo chini yake haikuguswa na tone hata moja, lakini nayo ilikuwa imelegea. Hiyo ilinishtua zaidi. Unyevu wa hewa peke yake ulikuwa umetosha.

Mama Bupe akaja kuangalia. Nikamweleza kazi yangu, na kwamba nilipoziweka koni zile mwaka juzi zilikuwa kavu kabisa.

"Kavu ya Dodoma," alisema. "Hapa kwetu hata kakao unaikausha leo, ukiiacha wazi usiku kesho imekunywa maji tena. Kitu ukishakikausha, kifunge papo hapo."

Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba, na jibu lilikuwa limesemwa na mtu aliyekuwa anakunja turubai. Wakati ule, hata hivyo, nililielewa nusu tu. Nilichoamua pale barazani ni kwamba karatasi basi, nitaweka plastiki.

Kyela hadi Matema

Mvua ilipokatika pikipiki ilinifikisha Kyela mjini. Mtaa wa Bondeni niliingia duka la vifaa vya ujenzi nikanunua kopo la vanishi ya mbao. Sikuwa na mpango nayo hasa. Mkono wa fundi hauwezi kupita dukani mtupu. Kutoka hapo nilipanda gari la Ipinda, kisha jingine la Matema, ambalo lilinasa kwenye tope mahali ambapo mpunga umesimama pande zote mbili. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena.

Kwaya ilikuwa imeahidi kumtuma katibu wao, Gwakisa, anipokee ufukweni kwa boti. Nilifika nikamwona mwanaume mwenye kofia ya bluu anazunguka akiuliza watu, "Fundi wa spika amefika?" Nilikuwa nanawa miguu tope ziwani. Nikamwita. Hakuitika. Alinipita, akawauliza vijana wawili waliokuwa na begi la vyuma, wakasema wao ni mafundi wa sola. Nilipomaliza kuvaa viatu boti ilikuwa imeshaondoka.

Nikalala Matema. Chakula kilikuwa mbasa wa kukaanga, samaki mtamu sijapata kuona, lakini nililala na hasira. Asubuhi kofia ya bluu ikarudi. Safari hii nilisimama mbele yake na boksi langu.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamtafuta fundi jana?"

"Ndiyo, dada. Umemwona?"

"Ndiye mimi."

Gwakisa alivua kofia. "Mwalimu Sekela alisema tu fundi," alisema polepole. "Hakusema fundi ni mama." Halafu akalipokea boksi kwa mikono miwili, na njia nzima hakuliweka chini.

Kwa boti hadi kijijini

Milima ya Livingstone inashuka pale mpaka majini, barabara haina pa kupita. Tulikwenda tumeambaa na ufuko. Ziwa lilikuwa limetulia, ila hewa ilikuwa nzito hata miwani yangu ilipata ukungu. Jina la kijiji nitaliacha, wenyewe wataelewa kwa nini.

Mwalimu Sekela, mwanamke wa miaka arobaini hivi mwenye sauti ya chini, alinipokea kanisani. Mimi Mwislamu, nilimuuliza kama kuna pa kuvulia viatu, akasema ingia tu, fundi. Makasha mawili ya spika yalikuwa mbele, yamefunikwa vitambaa vilivyodariziwa. Nilifungua la kwanza, nikaisukuma koni taratibu kwa vidole. Ikakwaruza. Sponji ya ukingo ilikuwa imeoza upande wa chini, karatasi imelegea na kulala, na waya wake ulikuwa unasugua sumaku.

Nikapiga muziki kutoka kwenye simu. Sauti za juu zilitoka safi. Kinanda safi. Ilipofika sauti nzito kabisa ndipo spika ikakoroma, ukoromaji wa kifua chenye makohozi. Ungesema ni mtu.

"Ilikuwa inakoroma nani akiimba?" niliuliza.

Gwakisa akamwangalia Sekela. Sekela akaangalia sakafu.

"Tata Asajile," alisema hatimaye. Tata kwao ni baba, wanavyomwita mzee kwa heshima. "Alikuwa besi yetu tangu mimi niko shule ya msingi. Kila akishuka chini, mkoromo. Wengine wote wakiimba, hakuna. Tukasema umri umefika, kifua kimechoka. Mimi ndiye niliyemwambia, fundi. Nilimwambia apumzike, tena mbele ya wenzake, siku ya mazoezi. Alipoondoka spika zikatulia, tukaamini kabisa kwamba ni yeye."

"Mkajuaje kuwa siye?"

"Alikuja mhubiri mgeni mwenye sauti nzito, kijana wa miaka thelathini. Spika zikamkoromea vilevile. Ndiyo siku niliyokupigia."

Tangu mzee aondolewe ilikuwa imepita zaidi ya mwaka. Nilikaa kwenye benchi la mbele. Mimi nilidhani nimekuja kurekebisha koni.

Siku tatu za kuchagua

Siku ile ile nilifunga koni ya plastiki kwenye kasha moja. Plastiki haijali maji, hilo ni kweli. Sekela akawaita wanakwaya wachache wasikilize. Waliimba beti mbili, wakatazamana, kwa kuwa hawakutaka kunivunja moyo.

"Semeni," niliwaambia.

"Ni kama tunaimba ndani ya ndoo," alisema dada mmoja. Alikuwa sahihi. Plastiki ile ilikuwa nzito, sauti ilikuwa imepoa. Na asubuhi niliporudi gundi ilikuwa imeachia robo nzima ya ukingo, maana plastiki ya aina ile haishikani na gundi kirahisi. Twita zilikuwa bado safi, lakini nilitaka kuzibadilisha kabla unyevu haujazifikia, nikajaribu kuba za alumini kwanza. Zilifika mbali, lakini chini ya bati la kanisa kila herufi "s" ilikuwa kama kitunguu kinachoingia kwenye mafuta ya moto. Nikazitoa, nikaweka za hariri. Hizo zilikubaliwa bila mjadala.

Nilikuwa nimebakiwa na koni tatu nzuri za karatasi, zote zimelegea kwa unyevu. Hapo ndipo maneno ya Mama Bupe yalipoingia yote. Kausha, halafu funga papo hapo. Nikamuuliza Sekela kama kuna mahali pakavu kijijini.

"Mahali pakavu ni jikoni kwa wafinyanzi," alisema. "Wanakokaushia vyungu kabla ya kuchoma." Alisita. "Jiko kubwa zaidi ni la mke wa Tata Asajile."

Nilikwenda peke yangu, na boksi langu na kopo la vanishi. Tata Asajile alikuwa amekaa nje akimenya mihogo, mtu mwembamba mwenye mvi, mgongo umenyooka. Mkewe, Mama Subira, alikuwa akipanga vyungu. Nilipiga goti kidogo nikawaamkia, nikajitambulisha kwamba ni fundi aliyetengeneza spika za kanisa. Kisu chake kikasimama.

Sikujua kuzunguka, nikasema moja kwa moja. Kwamba niliweka karatasi isiyofaa kwa hewa ya huku kwa sababu sikuuliza spika zinakwenda kukaa wapi. Kwamba mkoromo ulikuwa wa spika, si wake. Kwamba sauti yake ndiyo pekee iliyoshuka kiasi cha kuisumbua ile koni, ndiyo maana ilionekana yeye ndiye mbovu.

Mama Subira alikuwa wa kwanza kusema. Aliligonga tumbo la chungu kimoja kwa kidole, kikalia wazi. Akagonga kingine, kikajibu kwa sauti iliyopasuka.

"Nilisema," alimwambia mumewe. "Nilisema huo ni mlio wa chombo. Hapa nyumbani unaimba kila siku na hukoromi. Nani aliyenisikiliza?"

Tata Asajile alinigeukia. Aliniuliza, "Una hakika?"

"Nina hakika, Tata."

"Mwaka mzima nimekunywa mizizi," alisema. "Nimekwenda hospitali Kyela mara mbili, wakanipiga picha ya kifua. Wakasema hakuna kitu. Nikadhani wananificha." Akarudi kwenye mihogo yake. "Jiko lile pale. Fanya kazi yako."

Nilizikausha koni kwenye kichanja juu ya jiko, kando ya vyungu, nikizigeuza kila baada ya muda, siku nzima. Mama Subira ndiye aliyeniambia zimekauka. Alizigusa kwa shavu. Papo hapo nikazipaka vanishi nyembamba mbele na nyuma, nikaacha ikauke, nikapaka tena, mara tatu. Ukingo nikauweka wa kitambaa kilichopakwa gundi ya kunata, sponji nikaitupa. Nawaambia ukweli mafundi wenzangu: vanishi inaongeza uzito, na spika imepoteza ukali kidogo. Kwenye uwanja wa mpira ingekuwa hasara. Kwa kanisa la watu mia mbili, inatosha na inabaki.

Muda wote huo Tata Asajile alikuwa akipita, anaangalia, haulizi. Jumamosi jioni nilipokuwa nabeba koni kwenda kanisani, nilimwambia kesho zitajaribiwa.

"Mimi nimeshapumzishwa," alisema.

Jumapili

Nilikaa pembeni karibu na waya zangu. Kanisa lilijaa. Kwaya ilisimama na Sekela akainua mikono, lakini hakuanzisha wimbo. Alikuwa anaangalia mlangoni. Tata Asajile alikuwa amesimama pale kwenye kizingiti, amevaa koti, mkewe nyuma yake.

Sekela alishusha mikono. Akatembea katikati ya mabenchi mpaka mlangoni, na akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji spika: "Tata, nilikusimamisha mbele ya watu. Nakuomba msamaha mbele ya watu. Kifua chako kilikuwa kizima. Kosa lilikuwa la spika, na la kwangu."

Nikasimama na mimi, ingawa hakuna aliyenituma. "Na la kwangu," nikasema.

Mzee alifunga kifungo cha koti lake. "Mwalimu," alisema, "watu wanasubiri wimbo." Akapita mbele, wanaume wa besi wakasogea wakampa nafasi.

Sikumbuki maneno ya wimbo, ulikuwa wa Kikisi. Nakumbuka kwamba ubeti wa pili besi hubaki peke yake na hushuka ngazi moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeweka kiganja changu kwenye kasha. Alishuka. Mbao zikatetemeka chini ya mkono wangu, nzito na safi, akashuka tena, na koni ikakaa. Gwakisa, aliyekuwa upande wa sauti ya tatu, alisahau kuingia. Sekela aliendelea kupiga mapigo huku machozi yanamtoka na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Kuondoka

Jumatatu Tata Asajile alinisindikiza mpaka kwenye boti. Mama Subira alinipa chungu kidogo kilichofungwa kwa majani ya mgomba, nacho kimefika salama. Nilimwomba mzee msamaha tena, kwa kuwa jana yake palikuwa na watu wengi na hakuwa amenijibu.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Ulikuja mwenyewe. Wengine wangetuma gundi." Aliangalia maji. "Ila nimezeeka mwaka mzima bila sababu. Nilikuwa natembea kama mgonjwa, nalala kama mgonjwa. Mwaka huo hauna fundi."

Nilishika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili. Gwakisa akawasha mashine, na tulipofika mbali kidogo nikamsikia Tata Asajile kule ufukweni, anarudi nyumbani kwa miguu, akijiimbia peke yake.